Bwana Shamba Aliyekuja Kutazama Majani Yangu

Katika miaka sita tuliyokaa jirani pale Richfield, huku ughaibuni, sikumwona Bwana Shamba akipanda hata kitunguu. Alikaa ghorofa ya juu ya nyumba iliyotazamana na mlango wangu wa nyuma, yeye na binti yake Furaha, na humo ndani hapakuwa na chungu cha maua, hapakuwa na mche dirishani, wala lile ua la plastiki ambalo watu huliweka juu ya kabati lishike vumbi. Na huyu alikuwa mtu aliyesomea kilimo. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na zaidi huko Kongo mashariki, akizunguka kwa baiskeli kijiji hadi kijiji kuwaonyesha watu kwa nini mihogo yao inakufa. Wenzake wa kanisani walimwita Agronome. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu afisa wa kilimo ni bwana shamba, basi nikamwita hivyo tangu siku ya kwanza, naye akaitika.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hapandi chochote.

"Nimepanda mahali patatu," akasema, "na mara zote tatu nimekimbia mbele ya kuvuna. Bon. Sasa ninaangalia ya wenzangu."

Ya wenzake aliyaangalia kweli. Tukienda pamoja kununua unga, ilikuwa lazima mwishoni nikamtafute upande wa maua, na kila mara nilimkuta ameingiza kidole ndani ya chungu mpaka kifundo cha pili. Siku moja msichana wa duka akamwendea kumuuliza kama anahitaji msaada. Akamjibu kwa Kiingereza chake cha kitabuni kwamba yeye hahitaji, ila yale maua pale yanazamishwa, na kama hana nia ya kuyaua basi ayaondoe kwenye sahani za maji. Msichana akacheka. Wiki iliyofuata tulikuta sahani hazipo. Bwana Shamba alipita pale bila kusema neno, lakini nilimwona akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kanisani kwao kulikuwa na mti mkubwa wa ndani kando ya mimbari. Majira ya baridi yalipoingia ukaanza kupukutisha majani, na wazee wa kanisa, wakiona ni ishara mbaya, wakauombea. Furaha ndiye aliyenisimulia, huku akifunika uso kwa aibu. Katikati ya maombi baba yake aliinuka, akaukokota ule mti hatua tano kutoka kwenye tundu la hita, akarudi kukaa na kufumba macho. Mti ukapona. Mchungaji hakumsemesha mpaka Pasaka.

Alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vilivyong'arishwa hata siku ya kutupa taka. Theluji ikianguka alivivika mifuko ya plastiki na kuifunga kwa mpira kwenye vifundo vya miguu, akaenda hivyo mpaka kituo cha basi, mtu mzima na tai yake, akielekea kazini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Na huyo bingwa wa majani hakula mboga. Mke wangu alimpikia mchicha wa nazi siku moja, akautazama, akaisifu rangi yake, kisha akauliza kwa adabu kama kuna nyama.

Nisimpambe kuliko alivyokuwa. Alikuwa mgumu kwa watu. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu "umefanya vizuri". Furaha alikuwa akifanya shifti mbili kutunza wazee wa watu, anarudi miguu imevimba, na baba yake anamwambia mlango haufungwi hivyo, wali haupikwi hivyo, saa kumi na moja si saa kumi na moja na robo. Mmea ulioharibika mbele yake aliuinamia na kuuongelesha pole pole. Mwanawe alimsahihisha tu. Nadhani alimpenda sana, lakini mapenzi hayo aliyaweka mahali ambapo binti hakuwa na ufunguo wake.

Hata ugonjwa wa mmea hakuwa na haraka nao. Ukimwambia majani yamekuwa ya njano alikasirika kidogo.

"Njano ni neno moja tu. Neno moja haliwezi kukupa habari. Njano ya jani gani? Ya chini ao ya juu? Imeanzia pembeni ao katikati ya mishipa? Jani limelegea ao limekakamaa? Jana ulifanya nini? Na juzi?"

Alikuwa akisema pia kwamba jani halisemi uongo, ila halisemi yote, na kwamba kinachobaki lazima akiseme mwenye mmea. Ndiyo maana aliuliza maswali mengi hivyo. Alitaka mwenye mmea aseme kweli.

Sasa nieleze ya kwangu.

Mke wangu, Mama Salma, alipatwa na saratani. Alitundikiwa dawa mkononi wiki baada ya wiki, na dawa zile zilimuua hamu ya chakula. Uji ulirudi. Maji ya madafu ya kopo yalirudi. Nilimwona akipungua mpaka pete ikawa inaanguka bafuni, nikaivalisha uzi. Muuguzi wake mmoja, mwanamke mpole, alituambia kwamba wagonjwa wengine hutumia bangi, huwasaidia kushikilia chakula, na kwamba sheria ya jimbo sasa inamruhusu mtu mzima kununua au hata kuotesha miche michache nyumbani kwake.

Bangi. Mimi, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Sikumuuliza imamu, kwa sababu niliogopa kupewa jibu. Dukani pia sikwenda. Mimi kazi yangu ni kuendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali, na madereva wenzangu nusu yao ni watu tunaosali pamoja. Ningeonekana tu. Basi nikaotesha. Vyungu vinne chini ya nyumba yangu, kwenye chumba chenye kufuli, chini ya taa kubwa nyeupe. Sheria ilikuwa upande wangu. Niliyekuwa nikimficha ni jirani, na pengine na nafsi yangu.

Miche iliota vizuri, kisha ikaanza kuwa ya njano. Nikatazama video usiku na mchana. Mmoja anasema ongeza chakula, nikanunua chupa na kuongeza. Mwingine anasema ni kiu, nikaongeza maji. Kila nilipoongeza, njano ilipanda ghorofa moja. Mama Salma alikuwa juu kitandani, amegeukia ukuta, nami niko chini nahesabu majani. Mwisho nikachuma jani moja, nikalitia ndani ya bahasha, nikavuka uchochoro.

"Ni la pilipili," nikamwambia Bwana Shamba.

Akalitoa kwenye bahasha. Akalinusa. Akalihesabu vidole, kimoja hadi saba. Kisha akanirudishia.

"Baba Salma. Kama mimi ni munganga na unaniletea mutoto, usiniambie ni mbuzi."

Nilisimama pale mlangoni uso ukiniwaka. Nikamweleza yote, mke, kutapika, muuguzi, kufuli. Hakunihukumu, wala hakunifariji. Alivaa koti, akavika viatu vyake mifuko, akasema, "Twende."

Kule chini hakugusa majani kwanza. Alishika chungu kwa mikono miwili akakinyanyua, akakirudisha chini. "Kizito kama maiti," akasema. "Maji ya lini haya?" Nikasema ya asubuhi. "Na ya jana?" Nikasema na jana pia. Akaingiza kidole, akakinusa, akanipa na mimi ninuse: udongo ulinuka bwawa. Akanionyesha ncha za majani zilivyoungua na kujikunja kama kucha. Hiyo, akasema, ni chakula kingi kupita kiasi. Kisha akakigonga chungu kimoja na kuutoa mmea mzima na udongo wake, na mizizi ambayo ingekuwa myeupe ilikuwa ya kahawia na laini.

"Umemupikia karamu ya harusi, kisha ukamuzamisha. Mizizi haiwezi kupumua. Mizizi isipopumua, jani linakufa njaa na chakula kikiwa mezani."

Siku ile alinifanya nitoboe vyungu matundu zaidi na kuviinua juu ya vipande vya mbao ili maji yapate kutoka. Miwili iliyooza mizizi tulikata palipooza, tukaihamishia kwenye udongo mpya, mwepesi. Chupa zangu zote alizipanga juu ya rafu, akazigeuza majina yaangalie ukuta. Nisitie maji mpaka chungu kiwe chepesi mkononi. Nisitie chakula mpaka aseme yeye. Nilikaa siku sita bila kufanya kitu, na kutofanya kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya.

Ikaamka. Kisha ikatokea njano nyingine, na hii ikaanzia juu, kwenye majani machanga, mishipa ikabaki ya kijani na katikati yake pamepauka. Nikataka kuzirudia chupa. Akanizuia.

"Hii ni chuma. Na usikimbie kununua chuma, chuma kimo humo ndani. Ni maji yako ya bomba. Yana magadi, yanafunga mulango, mumea unaona chuma kwenye dirisha na hauwezi kukichukua."

Alichukua siki jikoni kwangu, akatia matone ndani ya ndoo, akachovya kikaratasi cha kupimia magadi, akakilinganisha na rangi za kwenye kasha lake, akaongeza tone, akapima tena. Wiki mbili hivi na majani mapya yakatoka kijani kibichi mpaka ukahisi unayasikia. Yale ya zamani hayakurudi. Akaniambia hayarudi, nisiyangoje, niangalie yanayokuja.

Alikuja kila Jumamosi. Alikuwa na ufunguo wake wa kile chumba. Mara nyingine nikirudi kazini nilimkuta chini peke yake, miwani puani, akigeuza majani moja moja kutafuta wadudu upande wa chini. Nadhani ilikuwa ndiyo saa yake nzuri ya wiki. Mimea ilipofika kwenye maua, majani ya chini yakaanza tena kugeuka, nami nikashtuka tena, akasema, "Acha. Hiyo si ugonjwa, hiyo ni uzee. Mumea unahama, unakula akiba yake."

Tulivuna. Nilipika maua yake katika samli kama muuguzi alivyoelekeza, nikapaka kijiko kidogo juu ya mkate. Siku ya tatu Mama Salma akaniambia ana hamu ya mbaazi za nazi. Nilisimama mbele ya jiko na kulia kwa sauti.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoweza kuisimulia kichwa kikiwa juu.

Wiki ya pili au ya tatu ya Jumamosi zile, kabla hata ya lile jambo la chuma, nilikuta kwenye chumba cha madereva karatasi iliyoachwa na mawakili wa bure. Iliandikwa kwa Kiingereza, Kisomali na Kiswahili. Ilisema bangi imeruhusiwa na jimbo, lakini serikali kuu haijairuhusu, na uraia hutolewa na serikali kuu. Kama wewe si raia, ilisema, usivute, usinunue, usifanye kazi nayo, usimsaidie mtu kuilima, na kwa hali yoyote usiende kuhojiwa kabla hujazungumza na wakili.

Mimi na mke wangu ni raia tangu zamani. Bwana Shamba hakuwa raia.

Niliisoma mara mbili nimesimama. Nikaikunja, nikaitia kwenye kidroo cha gari langu. Nilijua vizuri kwamba mzee yule alikwisha tuma maombi ya uraia, kwa sababu alituambia mwenyewe mezani kwangu, na alituambia kwa nini. Mwanawe wa kwanza alibaki kambi ya wakimbizi Kigoma na mke na watoto wanne. Mtoto aliyekwisha oa, baba mwenye kadi tu ya ukaazi hawezi kumwombea kuja. Baba aliye raia anaweza. Basi.

Nilisema moyoni, nitamwambia Jumamosi. Jumamosi akaja, akakuta jani lina nafuu, akapiga mluzi, nami nikasikia juu Mama Salma akitapika. Nikasema, nitamwambia tukishavuna. Tukavuna. Nikasema, sasa imekwisha, kwani nani atamuuliza? Mtu akitaka kunyamaza hakosi kalenda ya kumsaidia.

Barua ya usaili ikaja. Furaha alikuwa na shifti, akaniomba mimi nimpeleke baba yake. Alitoka na suti ya kijivu, viatu vinameta. Ndani ya gari alikuwa akinijibu maswali ambayo sikumuuliza, maseneta wangapi, majaji wangapi, mto upi mrefu. Karibu tufike akaona doa la matope kwenye kiatu.

"Baba Salma, una tishu?"

Tishu zilikuwa kwenye kidroo, juu ya ile karatasi. Mkono wake ulikuwa unakwenda huko.

"Sina," nikasema.

Akapangusa kiatu kwa leso yake. Nikaona lazima niseme kitu, hata nusu.

"Wakikuuliza habari za mimea," nikasema, "jibu kwa ufupi."

Akacheka. "Mimea! Hicho ndicho kitu kimoja ninachokijua."

Nikaegesha gari. Akashuka. Ningeweza kumwita. Kutoka kwenye gari mpaka mlango ule ni hatua kama arobaini, naye alikuwa mtembeaji wa pole pole.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na furaha, na nataka hili lieleweke: alitoka amefurahi. Hakutaka mkalimani, alisema Kiingereza chake kilimtosha. Kilimtosha kueleza, hakikumtosha kujilinda.

"Yule afisa ni mutu muzuri," akaniambia akifunga mkanda. "Ana heshima. Ameniuliza kama nimeshauza dawa iliyokatazwa, ao nimeshasaidia mutu kuilima. Nikasema kuuza hapana, kuvuta hapana. Ila jirani yangu bibi yake alikuwa mugonjwa, ana chanvre, bangi, sheria ya hapa inamuruhusu, majani yakawa manjano, nikayaponyesha. Hakuelewa, nikamueleza. Maji, mizizi, chuma. Ameandika yote."

Swali la kwanza lililonitoka nalikumbuka neno kwa neno. Sikuuliza alisema nini tena. Sikuuliza kama bado tunaweza kurudi ndani.

"Ulitaja jina langu?"

Akanigeukia, kashangaa kidogo.

"Hapana. Hakuuliza."

Majibu yalikuja theluji ikiyeyuka. Alivuka uchochoro na barua mkononi, akaiweka juu ya meza yangu, akaniomba nimsomee ukurasa wa pili. Kuisoma aliweza mwenyewe, lakini alitaka kuisikia kwa mdomo wa mtu mwingine, pengine itakuwa na maana nyingine. Nikasoma. Kwamba sheria ya jimbo ni moja na ya serikali kuu ni nyingine. Kwamba yeye mwenyewe, kwa maneno yake, alikiri kusaidia kulima. Kwamba maombi yamekataliwa na anaweza kuomba upya baada ya miaka kupita.

"Miaka," akasema. "Bon."

Mama Salma alikuwa pale mezani, nywele zimeanza kuota, mbele yake sahani ya chapati aliyoimaliza. Akaanza kulia. "Ni kwa ajili yangu," akasema, "Bwana Shamba, ni kwa ajili yangu mimi." Naye, ambaye hajui kumfariji mtu, akamsogezea ile karatasi ya kufutia mikono.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mke wangu hakujua kwamba nilijua. Bwana Shamba naye hakujua. Nikasema, "Tutatafuta wakili." Tukamtafuta. Wakili akatwambia ni bora kukaa kimya, kusubiri, kutogusa tena mmea ule wala nyumba yenye mmea ule. Jioni ile ile niling'oa mashina yaliyobaki na kuvunja vyungu. Akaacha kuja Jumamosi.

Kiangazi kile madirisha yalikuwa wazi, na niliwasikia. Sauti ilikuwa moja tu, ya Furaha.

"Nani alikutuma uongee, Baba? Kaka amekungoja miaka yote ile, wewe ukaenda kutoa darasa! Umekuta mtu wa kukusikiliza, basi umemwaga kila kitu!"

Mtu aliyekuwa na sahihisho kwa kila mlango na kila sufuria hakumjibu hata neno. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, chai mkononi, na jibu lake ninalo mimi. Nikainuka nikaingia ndani, nikafunga dirisha langu.

Majani yalipoanza kuanguka wakahamia Maplewood, karibu na hospitali ambako Furaha alipata kazi ya mchana. Niliwabebea vitanda. Bwana Shamba alinipa mkono, akanishukuru kwa ujirani mwema. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu yote, karatasi, kidroo, hatua arobaini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umenilisha kwa mkono wa mtu, ukanificha mkono wenyewe." Alilala chumba cha binti yetu Salma wiki mbili.

Nilikuwa na namba ya simu ya Bwana Shamba. Kutoka kwangu mpaka Maplewood si mbali kwa gari. Nilipita barabara ile mara nyingi na wagonjwa wangu, na kila mara nilikuwa na apointimenti ya mtu ya kuwahi.

Majira haya ya baridi nilimshusha mama mmoja kwenye hospitali ya huko kwa ajili ya kusafishwa damu, nikazunguka upande wa nyuma kutafuta pa kuegesha. Kwenye mlango wa wafanyakazi alikuwa amesimama mzee mwenye koti kubwa juu ya sare ya bluu. Alikuwa amekonda shingo. Nikazima gari.

"Baba Salma!" Alinitambua kabla sijafika. "Bibi anakula?"

"Anakula. Amenenepa."

"Voilà." Akaniambia sasa wako pamoja na Furaha hapa, binti wodini, yeye jikoni kusukuma matroli ya vyakula. Anamngoja alete gari. Mwanawe kambini amepata mtoto wa tano. Alisema yote hayo kwa utulivu, na ule utulivu ndio ulionishinda.

"Bwana Shamba, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

Nikamwambia. Nilijua kwamba si salama kwako. Nilisoma karatasi. Nikaificha. Nilitaka uendelee kuja.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia maji ya lini.

"Ulijua lini? Mbele ya ile njano ya juu, ao nyuma?"

"Mbele."

"Na siku ya usaili?"

"Karatasi ilikuwa ndani ya gari."

Akatazama theluji iliyorundikwa kando ya ukuta. Pumzi yake ilitoka nyeupe, ikakatika, ikatoka tena.

"Ningekuja tu," akasema. "Bibi alikuwa hakuli, ningekuja. Lakini ningejua kufunga kinywa."

Akavuta kola ya koti shingoni.

"Furaha anasema ni mudomo wangu. Mupaka leo. Tukiwa mezani, kaka yake akipiga simu, ananiangalia tu. Na mimi sina cha kumujibu, kwa sababu ni kweli niliongea." Gari dogo jekundu liliingia kwenye kona, taa zikatupiga. Akanishika kiwiko. Hakunishika kwa nguvu. "Mwambie yeye. Mimi umeshaniambia. Mwambie yeye."

Gari likasimama. Nikaenda upande wa dereva. Furaha akashusha kioo, akaniona mimi, uso wake ukawa wa adabu, kama wa mtu anayemwona jirani wa zamani.

"Uncle? Is everything okay?"

Nikamwambia. Nilisema nimeinama, mikono kwenye mlango wa gari lake, na sikupunguza kitu, hata tishu nilizisema. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akageuza kichwa, akamtazama baba yake aliyekuwa amesimama mbele ya taa za gari, mikono mifukoni, anangoja.

Akainama, akatoa mkoba wake kwenye kiti cha mbele, akautupa nyuma, akafungua mlango wa abiria kutokea ndani.

"Baba," akamwita. "Baba, ingia. Umesimama sana kwenye baridi."

Akaingia. Alishindwa kuupata mkanda kwa sababu ya lile koti, na nikamwona Furaha akijinyoosha juu yake, akiuvuta, akiufunga yeye mwenyewe, halafu akabaki ameinama hivyo hivyo, kichwa chake begani kwa baba yake. Mkono wa mzee ukapanda, ukakaa mgongoni kwa binti, mzito, kama mkono ambao haujazoea.

Kioo cha upande wangu kilipanda. Waliondoka hawakunitazama, nami nilisimama pale mpaka yule mama wa kusafishwa damu akanipigia simu kuniambia kwamba niliondoka na mkongojo wake.